Ukumbi Hufungwa Bila Amri: Namna Vituo Huru vya Sanaa Vinavyobanwa Nakuru na Kisumu

Asubuhi ya tarehe 10 Aprili 2025, wasichana wa Shule ya Upili ya Butere walipanda jukwaani katika shule ya Melvin Jones, Nakuru, wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka. Hawakuigiza. Usiku uliotangulia, polisi walikuwa wamemkamata mtunzi wa mchezo wao, aliyekuwa seneta wa Kakamega, Cleophas Malala, alipokwenda kuwafanyisha mazoezi. Ukumbini hamkuwa na watazamaji. Nje, polisi walirusha vitoa machozi kuwatawanya watu waliokuja kutazama, wakiwemo waandishi wa habari. Na haya yote yalitukia siku chache tu baada ya Mahakama Kuu kuamuru shule hiyo iruhusiwe kushiriki tamasha la kitaifa na mchezo wake, Echoes of War.

Wengi tunaikumbuka siku ile kwa moshi na kwa vilio vya watoto. Lakini kwa anayeendesha ukumbi wa sanaa katika mji wowote wa Kenya, jambo zito zaidi ni hili: siku ile hapakuwa na marufuku. Mahakama ilikuwa imekwisha kuliondoa zuio. Mchezo ulikuwa halali kabisa na bado haukuchezwa, maana mchezo hauishi kwa ruhusa peke yake. Unataka mwelekezi, hadhira, mlango ulio wazi na watu wasio na hofu. Anayeviondoa hivyo kimoja baada ya kingine hana haja ya kupiga marufuku chochote.

Shinikizo la namna hiyo ndilo linalokabili vituo huru vya utamaduni mijini, na ni gumu kulieleza kwa sababu halina sura moja. Mtu akiuliza, "Nani amewafungia?" jibu la kweli mara nyingi ni kwamba hakuna aliyefunga. Mwenye nyumba amepandisha kodi. Kaunti imechelewesha leseni. OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, ameshauri shughuli iahirishwe. Mfadhili amebadili mpango. Kila mmoja ana sababu yake, na kila sababu ukiitazama peke yake ina mantiki. Ndiyo maana inafaa tuzitazame zote pamoja.

Kwanza tuelewane kituo chenyewe ni kitu gani. Sizungumzii jumba kubwa la serikali. Nazungumzia chumba kilichopangwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la spea au chemisti, chenye viti vya plastiki, spika mbili, rafu ya vitabu vilivyochangwa, na kona ya mazoezi ambako kundi la maigizo huhamisha meza kila jioni. Ijumaa kuna mashairi ya jukwaani. Jumamosi watoto hujifunza ngoma au uchoraji. Mara moja kwa mwezi kuna filamu na mjadala baada yake. Kituo ni huru kwa maana kwamba si mali ya kaunti, si ya kanisa, si ya chama cha siasa, wala si ya ubalozi. Hakuna bosi wa kupigiwa simu akaambiwa awanyamazishe vijana wake. Kwa hiyo mwenye kutaka wanyamaze hutafuta njia nyingine.

Njia hizo zina historia ndefu. Miji yetu ilijengwa kwa mpango wa kuwatenga watu. Nakuru ilikuwa na mitaa ya Waafrika kama Bondeni, Kaloleni na Kivumbini, huku walowezi wakiwa na klabu zao na jukwaa lao la maigizo, ambalo leo tunalijua kama Nakuru Players Theatre na ambalo limelea waigizaji wengi wa mji huu. Serikali ya kikoloni haikuchukia Mwafrika kucheza ngoma. Ilichoogopa ni Waafrika kukusanyika na kuzungumza. Sheria ya Utulivu wa Umma (Public Order Act), ile inayotawala mikutano hadi leo, asili yake ni mwaka 1950, na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Tulipandisha bendera mpya na sheria hizo tukaziacha mezani.

Mfano ulio wazi kuliko yote haukutoka mjini bali kijijini Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Wanakijiji, wafanyakazi na wakulima, walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kuketisha watu wapatao 2,000. Mwaka 1977 wakaigiza humo mchezo wa Kigĩkũyũ ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Watu walifurika kwa majuma kadhaa. Novemba mwaka huohuo kibali kikafutwa, na siku ya mwisho ya Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akachukuliwa, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima. Hilo lilikuwa pigo la wazi: barua, tarehe, mtu na gereza.

Kilichofuata hakizungumzwi sana. Mapema 1982 kundi lilelile lilitaka kuonyesha mchezo mwingine katika Jumba la Kitaifa la Maigizo, Nairobi. Safari hii hakuna aliyewanyima kibali kwa maandishi. Ombi halikujibiwa. Waigizaji walipofika walikuta milango imefungwa kwa kufuli na polisi wamesimama. Machi 1982 leseni ya kituo cha Kamĩrĩĩthũ ikafutwa, polisi wakaenda na ukumbi ukabomolewa. Katika miaka mitano serikali ilijifunza kwamba kukataa kwa maandishi kunazaa kelele, na kwamba kunyamaza kunamaliza kazi ileile. Mtu aliyekataliwa ana barua ya kupeleka mahakamani. Ambaye hajajibiwa hana kitu mkononi.

Katiba ya 2010 iliongeza thamani ya kunyamaza huko. Kifungu cha 33 kinataja waziwazi uhuru wa ubunifu wa kisanii. Hakilindi propaganda za vita, uchochezi wa fujo wala matamshi ya chuki, lakini mbali na hayo ulinzi wake ni mpana. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani na bila silaha. Kifungu cha 47 kinataka uamuzi wowote wa ofisi ya umma uwe wa haki na wa haraka, na aliyeathirika apewe sababu kwa maandishi. Kwa hiyo marufuku ya wazi siku hizi huanguka. Mwaka 2013, shule ileile ya Butere ilizuiwa kuonyesha mchezo mwingine wa Malala, na Mahakama Kuu ikaliondoa zuio hilo. Machi 2024, Mahakama Kuu hapahapa Nakuru ilitangaza kwamba kosa la uchochezi dhidi ya serikali katika kifungu cha 77 cha Kanuni ya Adhabu ni kinyume cha Katiba. Kesi ilihusu mtu aliyeshtakiwa kwa sababu ya maneno aliyoandika mtandaoni. Tunapaswa kujivunia ushindi kama huo. Lakini tujue pia matokeo yake: kila mlango wa mbele unapofungwa na mahakama, shinikizo huzunguka nyumba likatafuta dirisha.

Dirisha la kwanza ni polisi, na hapa watu wengi huwapa polisi mamlaka ambayo sheria haikuwapa. Hadi 1997 mkutano wa hadhara ulihitaji leseni. Mageuzi ya mwaka huo, yaliyofanywa chini ya mazungumzo ya vyama kabla ya uchaguzi, yaliondoa leseni yakaweka taarifa tu. Mwandalizi humjulisha mkuu wa kituo cha polisi, siku zisizopungua tatu na zisizozidi kumi na nne kabla ya mkutano, akieleza mahali, siku na saa. Haombi. Anaarifu. Mkuu wa kituo anaweza kusema kwamba mahali hapo pamekwisha kuandikishwa na mtu mwingine kwa wakati huohuo, na polisi wanaweza kuusimamisha mkutano pakiwa na hatari ya wazi na ya karibu ya kuvunjika kwa amani. "Sijapendezwa na mada yenu" si sababu inayotambuliwa na sheria.

Tena kuna jambo ambalo vituo vingi havilijui. Sheria hiyohiyo inaitenga na wajibu wa taarifa mikutano ambayo kweli ni ya kijamii, kitamaduni, kidini, ya burudani au ya kitaaluma. Harusi haihitaji taarifa kwa OCS. Usiku wa mashairi nao hauhitaji. Basi mvutano wote hujikusanya katika swali moja: nani anaamua kwamba usiku wa mashairi umekuwa mkutano wa siasa? Mshairi akisoma shairi kuhusu mama aliyempoteza mwanawe katika maandamano ya Juni 2024 ya kupinga Mswada wa Fedha, huo ni utamaduni au siasa? Mimi nasema ni vyote viwili, na fasihi ya Kiswahili tangu zama za tenzi imekuwa vyote viwili bila kuomba radhi. Lakini polisi akisema ni siasa, mara shughuli inakuwa mkutano wa hadhara, na mkutano wa hadhara unatakiwa kufanyika kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Mashairi huanza watu wakitoka kazini. Kwa kubadilisha jina la shughuli tu, shughuli nzima imekuwa haramu kwa sababu ya saa.

Filamu zina mtego wao. Chini ya sheria ya 1962, filamu inayoonyeshwa hadharani inapaswa kuwa imeainishwa na Bodi ya Kuainisha Filamu. Makala za video zinazotoka mtandaoni, ambazo kila mtu amekwisha kuzitazama kwenye simu, aghalabu hazina cheti hicho. Kwa hiyo kituo kinachoonyesha makala hiyo kwa watu thelathini kinaweza kuambiwa kimevunja sheria, ingawa watu haohao waliitazama wakiwa ndani ya matatu kuja hapo. Sheria isiyotumika siku zote bali inayokumbukwa siku moja maalumu ni chombo kizuri sana kwa mwenye kutaka kukuzuia.

Dirisha la pili ni kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti shughuli za kitamaduni, burudani za umma, maktaba, makavazi, sinema na leseni za biashara. Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021, na Kisumu lilitangulia kwa miaka ishirini. Majiji yote mawili yana maofisa wa utamaduni wanaojua kazi yao, na wengine ni wasanii wenyewe. Mgala muue na haki umpe: ukumbi usio na mlango wa dharura unaweza kuua watu, na jirani mwenye mtoto mgonjwa ana haki ya kulala. Cheti cha zimamoto, ukaguzi wa afya, kanuni za kelele za mwaka 2009, leseni ya kila mwaka ya biashara, malipo ya hakimiliki kwa muziki unaopigwa, yote hayo yana msingi.

Taabu ni kwamba yamo mengi, kila moja lina ofisi yake, na yote huisha muda na kuanza upya. Kituo kidogo hakiwezi kuwa na kila karatasi kila siku ya mwaka, na baa nyingi za mtaani haziwezi pia. Ukaguzi ukifanywa kwa wote kwa ratiba moja, huo ni utawala. Ukifanywa Alhamisi mchana kwa kituo kimoja chenye mjadala Ijumaa jioni, maana yake imebadilika, hata kama fomu ni ileile na askari wa kaunti ana adabu kuliko wenzake. Na hapa ndipo somo la 1982 linarudi: ombi la kuhuisha leseni likikaa bila kujibiwa miezi mitatu, kituo kinafanya kazi bila leseni. Hakikunyimwa, lakini kinaweza kukamatwa.

Dirisha la tatu ndilo kubwa kuliko yote na ndilo linalosemwa kidogo: ardhi na kodi ya nyumba. Vituo vingi huru ni wapangaji. Mwenye nyumba wa Nakuru au Kisumu hana ugomvi na mashairi. Ana mkopo wa benki, ana majengo mengine mawili, ana hati inayosubiri saini katika ofisi ya ardhi, na ana shemeji anayefanya biashara na kaunti. Simu moja ya kirafiki inamtosha. Wala hahitaji simu. Tarehe 6 Julai 2025, wahuni walivamia ofisi za Tume ya Haki za Kibinadamu ya Kenya jijini Nairobi, shirika lisilo la serikali, wakati akina mama walipokuwa wakizungumza na waandishi wa habari kupinga ukatili wa polisi. Kila mwenye jengo aliona picha za tukio lile, na kila mmoja alifikiria vioo vyake. Juma linalofuata anapanda ngazi polepole, anaamkua watu wote, anauliza habari za nyumbani, kisha anasema: "Wanangu, mimi sina neno nanyi. Lakini nina mpango na hii nafasi."

Wengi huondoka hapohapo. Wanaona aibu kubishana na mzee aliyewavumilia kodi ilipochelewa, na mkataba wao ulikuwa wa mdomo. Hawajui kwamba mkataba wa mdomo wakati mwingine ndio wenye ulinzi. Sheria ya wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, ile ya Sura ya 301, inalinda upangaji usioandikwa, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano. Mwenye nyumba anayetaka kuuvunja au kupandisha kodi lazima atoe notisi ya miezi isiyopungua miwili, kwa fomu rasmi, na aeleze sababu. Mpangaji asiyekubali hupeleka shauri kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya siku ya notisi kufika, na akishafanya hivyo haondolewi hadi baraza liamue. Kufuli jipya mlangoni usiku wa manane, hata likitiwa na mwenye jengo mwenyewe, si utaratibu wa sheria.

Ila kuna sharti. Sheria hiyo inazungumza juu ya "duka", na duka kwa maana yake ni mahali panapouzwa bidhaa au panapotolewa huduma kwa malipo. Kituo ambacho kila kitu chake ni cha bure, kwa moyo safi kabisa, kinaweza kujikuta nje ya ulinzi huo. Tikiti ya shilingi hamsini, daftari la mapato, risiti ya chai na ada ndogo ya mafunzo vinaweza kuwa na uzito mbele ya baraza kuliko hotuba yoyote kuhusu haki. Najua wapo wanaoona kutoza pesa ni kuusaliti umma. Mimi naona kinyume: pesa ndogo inayotoka mfukoni mwa hadhira ndiyo inayowafanya wale watu wawe wenye kituo.

Kumiliki kiwanja kungekuwa bora, lakini nako kuna mashaka yake. Ardhi kubwa ya miji hii ni ya kukodishwa kwa miaka, au ni ya umma, au ina mashirika mawili yanayoidai. Februari 2021 wakazi wa Kibos, Kisumu, wengi wao Wanubi walioishi pale vizazi kadhaa, walibomolewa nyumba kwa matingatinga kwa sababu Shirika la Reli lilisema ardhi ni yake. Hawakuwa wanasiasa wala wasanii. Kama makazi ya vizazi yanaweza kuondoka kwa siku moja, kituo kilichojengwa kwa mabati juu ya kiwanja cha "tumeruhusiwa na mheshimiwa" kinaketi juu ya neno la mheshimiwa, na neno hilo lina muda wake.

Hapo ndipo tunafika kwenye pesa. Makundi ya maigizo ya Nakuru, Kisumu na Kakamega hayaishi kwa tikiti za Ijumaa. Yanaishi kwa vitabu teule vya fasihi: yanazunguka shule za upili yakiigiza vitabu vinavyotahiniwa, shule moja baada ya nyingine, muhula mzima. Ni kazi ya heshima na imesomesha watoto wa waigizaji wengi. Lakini anayefungua lango la shule ni mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu ana mwajiri. Baada ya Aprili 2025 hakuhitajika waraka kumwambia mwalimu mkuu awe mwangalifu na kundi ambalo jina lake limetajwa katika jambo la siasa. Anasema tu kwamba bajeti ya muhula huu imebana. Kundi linapoteza shule tano, linashindwa kulipa kodi ya ukumbi, na anayetazama kutoka nje anaona biashara iliyoanguka yenyewe.

Chanzo kingine ni wafadhili wa nje. Tarehe 15 Julai 2024, akiwa Keringet katika kaunti hii ya Nakuru, Rais William Ruto alilishutumu shirika la Ford Foundation kwamba linafadhili fujo nchini. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ililiandikia shirika hilo barua ikitaka maelezo kuhusu pesa zilizopewa mashirika 16. Ford Foundation lilikana kufadhili maandamano. Mashirika yaliyotajwa yalikuwa makubwa, yenye mawakili. Lakini maneno kama yale husafiri hadi chini. Mwenye kituo kidogo aliyepata ruzuku ya kununua projekta anaanza kuulizwa na chifu pesa zinatoka wapi. Sheria mpya ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyotungwa 2013 na kuanza kutumika Mei 2024 baada ya kucheleweshwa zaidi ya miaka kumi, inampa nafuu kwa kuwa imeweka taratibu zilizo wazi za usajili. Pia inakataza shirika kumfanyia mgombea au chama kampeni, katazo ambalo mimi nalikubali kabisa. Shida ni tafsiri: kumkosoa gavana aliye madarakani si kumpigia debe mpinzani wake, ingawa gavana mwenyewe hataona tofauti.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba shinikizo hutoka juu tu. Kikulacho ki nguoni mwako. Katika miji ya magharibi, ambako chama kimoja kimeshika mizizi kwa miaka, shinikizo kali mara nyingi hutoka kwa watu wa nyumbani. Kisumu kwa miongo ilikuwa jiji la upinzani, na msanii aliyeisema serikali alishangiliwa na mtaa mzima. Kisha tarehe 7 Machi 2025 Rais Ruto na Raila Odinga, kinara wa upinzani kwa miaka mingi, wakatia saini makubaliano ya kufanya kazi pamoja. Shairi lililokuwa tamu Februari likawa chungu Aprili. Hakuna neno lililobadilika katika shairi. Waliobadilika ni wanaoguswa nalo, na sasa ni mjomba, ni jirani, ni mwakilishi wadi aliyechangia viti. Kituo kinachotegemea mapenzi ya chama hujua uhuru wake siku chama kinapobadili upande.

Na viti vile vya mwakilishi wadi ndivyo vinavyoanza mambo. Mwanasiasa huja na mchango wa kweli, tangi la maji, mabati, mfumo wa sauti. Haombi kitu. Miezi sita baadaye anaomba ukumbi kwa "kikao kidogo cha vijana". Ukimpa, wapinzani wake wanasema kituo ni chake, na wako tayari kukifunga wakishinda. Ukimnyima, huna shukrani. Sijui jibu zuri kuliko lile ambalo baadhi ya vikundi vya akina mama vimelitumia kwa chama chao cha kuweka akiba miaka mingi: mchango wowote huandikwa daftarini na kusomwa mbele ya wanachama wote, na ukumbi una bei moja iliyobandikwa ukutani kwa kila mtu, mheshimiwa na fundi wa viatu.

Anayeendesha kituo ataniuliza: basi tufanye nini? Kwanza, kila jambo liandikwe. OCS akishauri kwa simu muahirishe, mwandikieni barua siku hiyohiyo: "Tumepokea ushauri wako wa leo saa nane, tunaomba sababu kwa maandishi kwa mujibu wa Kifungu cha 47." Barua ipigwe muhuri wa kupokelewa, na nakala ibaki kwenu. Kunyamaza kwa ofisi kunaweza kugeuzwa kuwa ushahidi, mradi mna tarehe mliyouliza na tarehe mliyokosa jibu.

Pili, msibaki peke yenu. Chumba kimoja ni rahisi kukifunga. Shughuli inayoweza kuhamia ukumbi wa kanisa, uwanja wa shule, hoteli ya rafiki au ukumbi wa umma kama ule uliopewa jina la Mama Grace Onyango pale Kisumu, ni vigumu kuizima. Kumbi za umma zimejengwa kwa kodi zetu, na Katiba haikuziweka mikononi mwa kaunti zikodishwe kwa harusi na mikutano ya vyama peke yake. Kituo huru kinachokataa kabisa kugusa ukumbi wa umma kwa ajili ya usafi wa jina kinaiachia kaunti mali ambayo ni yetu sote.

Tatu ni kazi ya kaunti zenyewe, na hii ndiyo ningependa wasomaji wa Nakuru, Kisumu, Kakamega na Bungoma waishike. Kila mwaka kaunti huandaa Mswada wa Fedha unaopanga ada na leseni, na wananchi huitwa kutoa maoni. Tangazo hutoka gazetini na kikao hufanyika wadi kwa wadi. Wasanii waende na maombi mawili mafupi. La kwanza, kituo cha utamaduni kiwe na kundi lake la ada, kisichanganywe na baa na kumbi za disko. La pili, ombi la leseni lijibiwe kwa maandishi ndani ya siku zilizotajwa, na lisipojibiwa lihesabiwe limekubaliwa hadi ofisi itoe sababu. Ombi hilo la pili haliigharimu kaunti hata shilingi moja. Lakini uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027, na mswada utakaopanga leseni za msimu wa kampeni utapita mabungeni kabla ya kampeni zenyewe kuanza.